Mchujo wa Viongozi na Haki ya Tawi: Hoja kutoka Isansa

Hakuna jambo linalopima demokrasia ya ndani ya Chama kama namna kinavyompata kiongozi wake mkuu. Katiba ya Chama inaweza kuwa nzuri na ilani ikaandikwa kwa ufasaha. Lakini siku kiongozi mmoja anapoondoka na mwingine anapotafutwa ndipo inapodhihirika nani hasa ni mwenye Chama: wanachama, au watu wachache waliotangulia kufika mlangoni. Kwa sababu hiyo tunaona ni wajibu wetu kulijadili suala hili kinadharia na kwa mifano, bila woga na bila kumwonea mtu haya, kwani kukosoana ndani ya Chama ni silaha ya Chama na wala si uasi.

Tunalitazama suala hili kutoka Isansa. Isansa ni kata ya wakulima katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kwenye nyanda za kahawa, mahindi na maharage. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita Mlowo na Vwawa yakielekea Tunduma, na wanaotafuta uongozi mkubwa wa nchi nao kwa kawaida hufuata njia hiyo hiyo ya malori. Ndiyo maana tumeichagua kata hii na si makao makuu Dodoma. Mtu akitaka kujua kama maji yanawafikia watu hasimami kwenye tangi. Huenda kwenye bomba la mwisho.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi anaujua mchujo. Kahawa mbivu ikitiwa majini, nyepesi huelea na nzito huzama, na ile iliyoelea huondolewa kabla haijaharibu nyingine. Hakuna anayenung'unika, kwa sababu kila mtu amesimama pale na anaona kwa macho yake kipi kimeelea. Hatusemi kwamba uongozi ni kahawa. Tunachosema ni kwamba mwanachama wa Isansa hana ugomvi na mchujo. Ugomvi wake ni na mchujo unaofanyika mahali asipopaona, kwa kipimo asichokijua, na ambao matokeo yake yakitangazwa anatakiwa kuyashangilia tu.

Kabla ya kuendelea ni vizuri tueleze tunasema nini tunaposema "kiongozi wa Chama". Kwa Katiba, Mwenyekiti wa CCM huchaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa. Kwa vitendo, kiti hicho humfuata Rais. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alibaki na uenyekiti hadi 1990, na hicho ndicho kipindi pekee ambacho CCM ilikuwa na Mwenyekiti asiye Rais kwa miaka kadhaa. Baada ya hapo Ndugu Mwinyi alipokea mwaka 1990, Ndugu Mkapa mwaka 1996, Ndugu Kikwete mwaka 2006, Ndugu Magufuli mwaka 2016 na Ndugu Samia Suluhu Hassan mwaka 2021, na kila mmoja wao alikuwa tayari Ikulu. Julai 2016 Ndugu Magufuli alipata kura zote 2,398 zilizopigwa. Uchaguzi usio na kura hata moja ya hapana ni sherehe ya kukabidhiana. Kwa hiyo anayetaka kuchunguza kinyang'anyiro halisi cha kumpata kiongozi wa Chama hana haja ya kupoteza muda kwenye uchaguzi wa Mwenyekiti. Atazame uteuzi wa mgombea urais, maana hapo ndipo viongozi wote wawili hupatikana kwa mkupuo mmoja.

Tulikotoka

Wapo wenzetu wanaodai kwamba mashindano ya ndani ni jambo geni, tumeletewa na vyama vingi, na kwamba asili yetu ni kukubaliana. Madai haya hayana ushahidi wa historia. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Dar es Salaam, wanachama wa TAA walimchagua kijana mwalimu wa shule, Julius Nyerere, kuwa rais wa chama hicho dhidi ya Abdulwahid Sykes, mtu wa mji, mwenye jina na mwenye uwezo. Ushindi haukuwa mkubwa. Sykes hakujitenga na wala hakuanzisha chama kingine. Alibaki, akafanya kazi, na Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mashindano yale hayakukivunja chama. Yaliwezekana, kwa maoni yetu, kwa sababu wote wawili walikuwa wanashindania njia ya kuifikia Uhuru, na aliyeshindwa bado alikuwa na kazi ya kufanya asubuhi iliyofuata.

Hata katika mfumo wa chama kimoja, ambao leo watu hupenda kuusema kana kwamba ulikuwa usingizi mtupu, mashindano yalikuwapo. Katika uchaguzi wa 1965 mkutano wa wilaya ulipiga kura za kupendekeza majina, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakapelekwa kwa wananchi, mmoja na alama ya jembe na mwingine na alama ya nyumba. Wananchi wakaangusha wakubwa, akiwamo Waziri Paul Bomani. Wawili hao walisimama jukwaa moja wakajibu maswali ya watu wale wale. Mzee aliyekuwa kijana wakati ule bado anakumbuka jembe na nyumba kuliko anavyokumbuka fulana za miaka ya karibuni, na sababu yake si umri tu.

Hata hivyo tusiipambe historia. Kwa nafasi ya juu kabisa utaratibu wa wakati ule ulikuwa wa jina moja. Mwaka 1985 vikao vya juu viliyajadili majina ya Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Rashidi Kawawa na Salim Ahmed Salim, na lililofika kwenye Mkutano Mkuu Maalumu lilikuwa jina la Mwinyi peke yake. Mjadala ulikuwapo, lakini ulikuwa mjadala wa chumbani. Tunaweza kuuelewa: nchi ilikuwa imetoka vitani na Amin, uchumi umeanguka, na Mwasisi anaondoka kwa hiari yake, jambo ambalo katika Afrika ya wakati ule lilikuwa adimu. Lakini kuelewa sababu ya jambo si sawa na kuligeuza kuwa kanuni ya milele.

Kutoka Chimwaga hadi kadi za udhamini

Chimwaga, Dodoma, Julai 1995, ndipo Chama kilipohesabu kura za kweli kwa nafasi hii. Katika mzunguko wa kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, wakarudia, na Mkapa akapata 686 dhidi ya 639 za Kikwete. Tofauti ya kura 47! Kikwete aliyakubali matokeo hapo hapo, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na miaka kumi baadaye akarudi Chimwaga na kushinda kwa kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa ili kuonyesha ukomavu, na ni kweli ukomavu ulikuwapo. Lakini msomaji makini aiangalie tena. Mwaka 1995 majina mazito, likiwamo la Edward Lowassa na la John Malecela, yalikatwa kabla ya kufika kwa wajumbe, na uzito wa Mwalimu ndani ya vikao hivyo hakuna asiyeujua. Mwaka 2005 Ndugu Salim, mwanadiplomasia aliyeiongoza OAU kwa miaka kumi na miwili, alichafuliwa kwa maneno ya asili na nasaba yake. Chama kilichojengwa juu ya imani kwamba binadamu wote ni sawa kiliruhusu kampeni ya nasaba ipite kati ya wajumbe wake, na hatukuona tawi lililopewa nafasi ya kuikemea. Hili kwa maoni yetu ni kosa kubwa kuliko kosa lolote la kuhesabu kura. Pale ambapo hakuna mjadala wa sera, watu hujadili damu.

Sasa tuje mwaka 2015, maana hapo ndipo bomba la mwisho lilipoguswa. Wanachama 42 walichukua fomu za kuomba kuteuliwa na 38 wakazirudisha. Utaratibu ulimtaka kila mmoja apate wadhamini 450 katika mikoa isiyopungua 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Lengo la kanuni hii lilikuwa zuri: mtu asiyejulikana nje ya mkoa wake asiombe kuongoza taifa. Isansa wakati ule ilikuwa bado katika Mkoa wa Mbeya, kwani Songwe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2016, na Mbeya ni mkoa ambao mwombaji makini hawezi kuuruka. Misafara ikaja. Wengine hawakutosheka na wadhamini thelathini wa mkoa. Nchi nzima hesabu za wadhamini wa baadhi yao zikawa zinatajwa kwa laki.

Hebu tujiulize mwanachama aliyedhamini alifanya nini hasa. Fomu ilitaka jina, namba ya kadi na sahihi. Haikuwa na mahali pa kuandika swali, achilia mbali jibu. Mwanachama alitoa kadi yake, ikaandikwa, akarudishiwa. Msafara ukaondoka na vumbi lake. Huyo ndiye Chama kilimwita mdhamini. Mahakamani mdhamini huulizwa kama anamfahamu mtu anayemdhamini, na mtu huyo akitoroka mdhamini hupata msukosuko. Udhamini wetu haukuwa na kufahamiana, haukuwa na msukosuko, na kwa kweli haukuwa na mdhamini. Ulikuwa na sahihi.

Yaliyofuata yanajulikana. Februari 2014 Chama kilikuwa kimewapa onyo kali na kuwazuia kwa miezi kumi na miwili makada sita kwa kuanza kampeni mapema: Lowassa, Sumaye, Membe, Makamba, Ngeleja na Wasira. Julai 2015 Kamati Kuu ikabakiza majina matano, yaani Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikapiga kura na kubakiza watatu. Mkutano Mkuu, tarehe 12 Julai, ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59. Jina la Lowassa halikufika hata kwenye tano. Usiku ule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje wakasema hadharani kwamba hawakubaliani na namna majina yalivyokatwa. Kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa CHADEMA, na Oktoba alipata karibu asilimia 40 ya kura zote za urais dhidi ya asilimia 58 za Magufuli.

Huku Mbozi matokeo hayakuwa habari ya redioni tu. Jimbo la Mbozi lilikwenda CHADEMA, na majirani zetu wa Tunduma na Momba vilevile. Vwawa ikabaki CCM. Hatudai kwamba sababu ilikuwa moja. Katika sehemu hizi upinzani ulikuwa na mizizi kabla ya 2015, na vijana wa mpakani wana manung'uniko yao wenyewe. Lakini kiongozi wa tawi aliyeulizwa kijiweni kwa nini yule aliyedhaminiwa kwa shangwe mwezi Juni amekatwa mwezi Julai, hakuwa na jibu. Hakupewa. Alitumwa vitani bila risasi, na waliomtuma walikuwa na sababu zao zimeandikwa kwenye makabrasha.

Kuhusu wale watatu, kuna jambo la kutia moyo na la kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 2017 Simba alifukuzwa uanachama na Nchimbi akapewa karipio kali. Baadaye Simba alisamehewa. Nchimbi naye akawa Katibu Mkuu wa Chama Januari 2024, akawa mgombea mwenza Januari 2025, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo akawa Makamu wa Rais. Wasira, mmoja wa wale sita wa onyo la 2014, ndiye aliyechaguliwa Makamu Mwenyekiti Januari 2025. Inaonekana basi kwamba mkubwa anaweza kukosoa, akaadhibiwa, akasubiri, kisha akarudi juu zaidi. Je, katibu wa tawi Isansa akikosoa hivyo hivyo, atarudi wapi?

Kahawa na kiongozi

Wako watakaosema kwamba mkulima hana haja ya kujishughulisha na nani anateuliwa Dodoma; yeye anahitaji mbolea na bei. Hoja hii inajifanya ya kimapinduzi kumbe ni ya kibwanyenye, kwa sababu inamtenga mkulima na mamlaka kisha inamwonea huruma.

Tuchukue mfano wa kahawa yenyewe. Kuanzia msimu wa 2018 Serikali iliamua kwamba kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika hadi mnadani, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kuinunua shambani. Uamuzi huo ulikuwa na upande wake mzuri: uliwabana walanguzi waliokuwa wakinunua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Ulikuwa pia na upande mchungu: mkulima aliyezoea kupata fedha mkononi siku ile ile alilazimika kusubiri malipo, na ushirika wenyewe katika sehemu nyingi ulikuwa na madeni na uongozi uliochoka. Hapa hatuamui kama uamuzi ulikuwa sahihi. Tunachosema ni kwamba uamuzi mkubwa namna hii juu ya jasho la mkulima wa Mbozi ulifanywa na uongozi uliopatikana katika mchuano wa 2015, na katika mchuano ule hakuna utaratibu wowote wa Chama uliomlazimisha mwombaji kusema atafanya nini na kahawa. Misafara ilipita katikati ya mashamba ya kahawa ikitafuta namba za kadi.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa kinadharia. Tumekuwa tukigombana kuhusu nani apige kura: je, ni wanachama wote, au wajumbe? Katika kura za maoni za ubunge tumejaribu yote mawili. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote walipiga kura matawini. Mwaka 2020 tukarudi kwenye mkutano wa jimbo. Mwaka 2025 wigo wa wajumbe ukapanuliwa. Ni kama mtu anayebadilisha vyungu huku unga ni ule ule. Wapigaji kura wakiwa wengi, anayetaka kununua hununua kwa jumla; wakiwa wachache, hununua kwa rejareja. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 iliwekwa ili kubana jambo hili, na kabla yake, mwaka 2006, Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha takrima. Kanga, chumvi, sabuni na "nauli" bado zinatembea usiku.

Mizizi ya fedha hizi tusiifiche. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Maamuzi ya Zanzibar ya 1991 yalilegeza masharti hayo. Kiongozi akawa anaruhusiwa kuwa tajiri, na haikuchukua muda tajiri naye akaona hakuna kinachomzuia kuwa kiongozi. Tangu hapo fedha ya kutafutia uongozi si mchango wa wanachama. Ni mtaji, na mtaji hudai faida. Hakuna semina ya maadili itakayoibadilisha tabia ya mtaji. Kinachoweza kuubana ni kumfanya mwombaji ahitaji kitu ambacho mtaji hauwezi kukinunua kwa urahisi, na kitu hicho ni kujibu maswali mbele ya watu wanaoijua kazi yao.

Mfano wa wenzetu wa Afrika Kusini unafaa hapa. Ndani ya ANC matawi ndiyo yanayopendekeza majina ya rais wa chama na ndiyo yanayopeleka wajumbe wengi kwenye mkutano mkuu. Huko Polokwane, Desemba 2007, wajumbe walimwangusha Thabo Mbeki akiwa Rais wa nchi, kwa kura 1,505 dhidi ya 2,329 za Jacob Zuma. Kwa mwenye kupenda uwezo wa tawi, hiyo ni sherehe. Lakini tunajua yaliyofuata: matawi yenye nguvu ya kura bila nguvu ya itikadi yakageuka bidhaa, kadi zikanunuliwa kwa mafungu, na miaka ya Zuma ikaigharimu nchi ile sana. Kwa hiyo hatusemi tawi lipewe kura zaidi basi mambo yatanyooka. Tunasema haki ya kwanza ya tawi ni kuhoji. Kura bila haki hiyo ina bei sokoni.

Wiki moja ya Januari

Mwaka 2025 ulitupa mifano miwili katika juma moja. Tarehe 19 Januari, Dodoma, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulimpitisha Ndugu Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee wa urais, na Ndugu Hussein Mwinyi kwa Zanzibar. Pendekezo lilitoka kwa wajumbe ukumbini, katika mkutano ulioitishwa ukiwa na kazi ya kumpata Makamu Mwenyekiti. Tarehe 21, ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, CHADEMA walipiga kura usiku kucha. Kesho yake Tundu Lissu alitangazwa na kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe, aliyekuwa ameongoza chama hicho tangu 2004. Mgombea wa tatu alipata kura moja. Mbowe alikubali.

Kada anayeogopa kulitazama jambo la mpinzani hatalijua hata la kwake. Jambo la kujifunza Mlimani City si zile kura, wala zile pilikapilika. Ni kwamba wawili wale walitofautiana kwa msimamo: mmoja alikuwa ameambatana na njia ya maridhiano na Serikali, mwingine anaikataa. Mjumbe aliyekuwa akipiga kura alijua anachagua njia gani. Kwamba miezi michache baadaye kundi kubwa la walioshindwa lilihamia CHAUMMA, hilo nalo ni somo, na linaturudisha Arnautoglo: mashindano ya msimamo yanahitaji pia nidhamu ya aliyeshindwa na ukarimu wa aliyeshinda.

Kuhusu Dodoma, tuseme kwa heshima lakini kwa uwazi. Chama kina desturi ya kumwachia Rais aliyeko amalize kipindi cha pili bila kushindanishwa. Ndivyo ilivyokuwa 2000, 2010 na 2020. Desturi hiyo ina mantiki yake, kwani anayeachiwa amekwisha kupita kwenye mchujo mara moja na amepimwa kwa miaka mitano. Ndugu Samia hakuingia kwa mlango huo. Alikuwa mgombea mwenza, na Katiba ya Nchi ndiyo iliyompa urais baada ya Ndugu Magufuli kufariki Machi 2021. Mchujo wa mgombea urais hakuwahi kuupitia. Pengine angeupita kwa urahisi kabisa. Wengi tunaamini hivyo. Lakini ushindi wa urahisi katika mashindano ya wazi ungempa kitu ambacho makofi ya ukumbini hayawezi kumpa, na ungeliondolea tawi mzigo wa kutetea utaratibu badala ya kutetea kazi iliyofanyika. Mwanachama mmoja wa Kilimanjaro aliyehoji utaratibu huo alifukuzwa uanachama Februari. Kama hoja yake ilikuwa dhaifu, ingejibiwa kwa dakika kumi. Kumfukuza kuliipa nguvu ambayo haikuwa nayo.

Kazi ya tawi

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisisitiza kwamba watu washirikishwe katika kuamua mambo yao, na kwamba kiongozi asiwe bwana. Kwa suala hili tafsiri yake si ngumu. Fomu ya udhamini iongezwe ukurasa mmoja. Tawi likutane kwanza bila mwombaji, likubaliane maswali yake yasiyozidi matano, yaandikwe kwenye ukurasa huo. Mwombaji ayajibu kwa maandishi na kwa sahihi yake, na nakala ibaki tawini. Bila ukurasa huo, udhamini usihesabiwe. Kadi laki nane hazitakuwa na maana yoyote mbele ya mtu aliyejibu vizuri matawi thelathini.

Pili, Kamati Kuu inapokata jina itoe sababu kwa maandishi kwa matawi yaliyomdhamini mwombaji huyo. Wapo watakaosema kwamba sababu nyingine ni za usalama, haziwezi kutajwa. Tunakubali zipo, lakini ni chache. Zisitumike kama blanketi la kufunika hata zile za chuki na za hesabu za kambi. Anayekatwa kwa rushwa na asemwe kwa rushwa, ili tawi lijue limemdhamini nani, na ili asirudi baada ya miaka mitano na msafara mrefu zaidi.

Tatu, maswali yawe ya kazi. Isansa wanaweza kuuliza: mkulima aliyekabidhi kahawa chama cha msingi alipwe ndani ya siku ngapi, na asipolipwa nani awajibishwe? Mbolea ya ruzuku ifike mwezi gani, kabla au baada ya mvua? Kijana wa Mbozi anayekwenda kutafuta riziki Tunduma atakuta nini zaidi ya kubeba mizigo na kubadilisha fedha? Mwombaji asiyeweza kujibu haya hajakosa akili. Amekosa maandalizi, na afadhali lijulikane tawini kuliko Ikulu.

Chama hufanya uchaguzi wake wa ndani kila miaka mitano, kuanzia mashinani, na wa karibuni ulikuwa wa 2022. Ukurasa wa maswali hauhitaji kungoja mbio za urais za 2030. Tawi lolote la Isansa linaweza kuutumia kwa anayeomba uenyekiti wa tawi, kisha wa kata, kisha wa wilaya, likaweka majibu kwenye jalada la ofisi. Wajumbe watakaotoka Mbozi kwenda Dodoma watakuwa wamezoea kuuliza kabla ya kupiga makofi, na katibu wa tawi atakuwa na karatasi ya kufungua pale msafara wa kwanza utakaposimama uwanjani na kuomba kadi.